Kutambua mema madogo

Kutambua mema madogo ni tabia ya kuelekeza fikira kwa makusudi kwenye mambo mazuri ya kawaida ambayo hutokea kila siku na mara nyingi hupita bila kutajwa. Mifano yake ni chai ya moto asubuhi ya baridi, maji kutoka bombani, jirani anayebaki na mtoto wakati mzazi ametoka, au mgonjwa anayeamka akiwa na nafuu.

Tabia hiyo inahusiana na shukrani, lakini si kitu kilekile. Shukrani huelekezwa kwa mtoaji, awe Mungu au binadamu, na huja baada ya mtu kuona kwamba amepewa kitu. Kutambua ni hatua inayotangulia: mtu hawezi kushukuru kwa jambo ambalo hakuliona.

Katika saikolojia jambo hilo limefanyiwa utafiti hasa tangu mwanzo wa karne ya 21. Hata hivyo, desturi za kulifanya ni za kale zaidi, na zinapatikana katika dini, katika falsafa na katika salamu za kila siku za lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo.

## Maneno yanayohusika

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayotaja wema mdogo au unafuu mdogo. Mengi yana asili ya Kiarabu:

- Neema ni jema ambalo mtu amejaliwa, liwe kubwa au dogo.
- Heri ni hali ya usalama na baraka. Hutumika pia kulinganisha mambo mawili na kuchagua lililo bora.
- Afadhali hutaja hali iliyo bora kuliko nyingine, hata kama haijawa nzuri kabisa.
- Nafuu ni kupungua kwa ugonjwa, gharama au taabu. Mgonjwa "aliyepata nafuu" bado anaumwa, lakini si kama jana.
- Ahsante hutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya "umefanya vema". Kwa asili, basi, ni kumwambia mtu kwamba tendo lake limeonekana.

Neno hujambo linastahili kutajwa peke yake. Ni umbo la kukanusha: anayesalimu anauliza kama mwenzake hana jambo, yaani hana tatizo. Anayejibu *sijambo* anasema kwamba hana neno. Vivyo hivyo, kusema "mgonjwa hajambo" ni kusema kwamba hali yake imekuwa afadhali. Kwa namna hiyo, kukosekana kwa shida kunahesabiwa kuwa habari njema na kunatajwa kwa sauti, ingawa wazungumzaji wengi hawaifikirii tena maana hiyo wanapoamkiana.

## Kwa nini mema madogo hayaonekani

Wanasaikolojia hutaja sababu kuu mbili.

Ya kwanza ni mazoea. Kitu kipya huamsha hisia, lakini kikirudiwa kila siku hisia hupungua. Mtu aliyevutiwa umeme nyumbani kwa mara ya kwanza huufurahia kila anapowasha taa. Baada ya miezi michache huukumbuka siku unapokatika. Mwaka 1971 Philip Brickman na Donald Campbell, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza kwamba binadamu huzoea hali mpya na kurudi karibu na kiwango chake cha awali cha furaha.

Mwaka 1978 Brickman na wenzake walilinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na watu 22 wa kawaida, pamoja na watu 29 waliopooza kwa ajali. Washindi walisema wanapata raha ndogo kuliko watu wa kawaida katika mambo kama kula kifungua kinywa au kuzungumza na rafiki. Makundi hayo yalikuwa madogo, na tafiti za baadaye zenye watu wengi zimeonyesha kwamba fedha za bahati nasibu zinaweza kuongeza kuridhika kwa muda mrefu. Hata hivyo, utafiti huo ulionyesha jambo la kuangaliwa: bahati kubwa inaweza kufifisha zile ndogo.

Sababu ya pili ni uzito wa mabaya. Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kuonyesha kwamba, kwa kawaida, jambo baya huathiri akili kuliko jambo jema la kiasi kilekile. Tusi moja hukumbukwa kuliko sifa moja. Hasara ya shilingi elfu kumi huuma kuliko inavyofurahisha faida ya kiasi hichohicho. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kiumbe asiyeona hatari anaweza kufa mara moja, lakini asiyeona jema leo anaweza kulipata kesho.

Kutokana na sababu hizo mbili, mabaya hujitokeza yenyewe, lakini mema yaliyozoeleka huhitaji kutafutwa.

## Historia

Kaisari Marcus Aurelius wa Roma (121–180), aliyefuata falsafa ya Wastoa, aliandika kwamba hata nyufa zinazotokea juu ya mkate unapookwa, ambazo mwokaji hakuzikusudia, hupendeza macho na kuamsha hamu ya kula. Alitaja pia tini zinazopasuka zikiiva.

Nchini Japani, mnamo mwaka 1000, Sei Shōnagon, mwanamke aliyehudumu katika makao ya malkia, alitunga orodha za mambo yanayopendeza katika maisha ya kila siku. Kando yake aliweka orodha za mambo yanayoudhi.

Katika Ukristo, Ignas wa Loyola (1491–1556) alifundisha zoezi la kuchunguza dhamiri ambalo huanza kwa kumshukuru Mungu kwa mema yaliyopokelewa, kabla ya kuangalia makosa. Katika Uislamu, kusema *alhamdulillahi* baada ya kula, kupiga chafya au kuulizwa hali ni desturi ya kila siku, na shukrani (*shukr*) huhesabiwa kuwa wajibu wa mja kwa Mola wake.

## Katika desturi za Afrika Mashariki

Tafiti nyingi za kisasa humtaka mtu aandike mema yake peke yake katika daftari. Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili kazi hiyo hufanywa zaidi kwa mdomo na mbele ya watu wengine.

Salamu ndiyo mfano ulio wazi. Nchini Tanzania mtu huulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto na za kazi, kila moja kwa zamu yake. Kwa kawaida jibu la kwanza ni "nzuri", "njema" au "salama", hata kama kuna shida, shida hufuata baadaye: "Nzuri, ila mtoto anaumwa kidogo." Utaratibu huo haukatazi kutaja baya. Unalipa nafasi ya pili, baada ya kutaja yaliyo salama. Kuuliza jambo mojamoja pia humfanya anayejibu apitie sehemu za maisha yake ambazo pengine asingezikumbuka.

Methali nazo hugusa suala hilo kwa njia mbalimbali:

- *Haba na haba hujaza kibaba* hufundisha kwamba vidogo vikikusanywa huwa vingi.
- *Usiache mbachao kwa msala upitao* humwonya mtu asidharau mkeka wake uliochakaa kwa sababu ya mzuri wa mpita njia.
- *Ukiona vyaelea, vimeundwa* hukumbusha kwamba nyuma ya kitu kinachofanya kazi vizuri kuna mikono ya watu.
- *Mwenye shibe hamjui mwenye njaa* huonyesha jinsi aliyezoea kupata anavyoshindwa kuona thamani ya alichonacho na uhitaji wa mwingine.

## Mfano wa Olasiti

Olasiti ni kata ya Jiji la Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Iko upande wa magharibi wa jiji, kunakoelekea uwanja wa ndege wa Arusha. Wenyeji wa asili wa eneo hilo ni Waarusha, wakulima na wafugaji wanaozungumza lugha ya Kimaa, na leo wanaishi pamoja na watu kutoka mikoa mingi. Mazingira ya kata hiyo yanaonyesha jinsi mema madogo yanavyoweza kuwa karibu na bado yakahitaji kutambuliwa.

### Mlima na hali ya hewa

Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, ni wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro. Unaonekana kutoka sehemu nyingi za jiji, lakini mara nyingi mawingu hufunika kilele kadiri siku inavyoendelea. Anayetoka nyumbani mapema anaweza kuuona wote. Anayeamka saa nne huenda asiuone. Kwa mkazi wa miaka mingi mlima huo ni kama ukuta wa nyumba, ilhali mgeni husimama kuutazama. Mlima ni uleule. Tofauti yao ni mazoea.

Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na miezi ya Juni na Julai huwa ya baridi. Wakati huo jua la saa tano, ambalo mwezi Februari watu hulikimbia kivulini, huwa jambo la kufurahiwa. Mnamo Oktoba na Novemba mijakaranda ya Arusha huchanua maua ya zambarau yanayoanguka na kufunika njia.

### Mvua

Eneo hilo hupata mvua za masika, hasa kati ya Machi na Mei, na za vuli, hasa Novemba na Desemba. Mvua ya kwanza hutuliza vumbi la kiangazi na kuleta harufu ya udongo. Sehemu ya harufu hiyo hutokana na jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni; matone yanapopiga ardhi kavu huirusha hewani. Katika lugha ya Kimaa neno *Enkai* hutumika kwa Mungu na pia kwa anga na mvua. Kwa mfugaji au mkulima wa mahindi na maharage, hiyo si furaha ya macho tu. Mvua ikichelewa wiki mbili, hesabu za chakula cha mwaka hubadilika.

### Genge na kanisa

Kwenye genge la mtaani nyanya huuzwa kwa mafungu, na muuzaji anayemjua mteja wake humwekea nyanya moja ya nyongeza. Thamani yake kwa fedha ni ndogo, lakini nyongeza hiyo ni ishara kwamba mteja anafahamika na anatarajiwa kurudi.

Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambalo lina waumini wengi katika mkoa wa Arusha, huadhimishwa sikukuu ya mavuno. Waumini huleta walichopata: gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, kuku, hata mayai machache. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa, na yai linaweza kununuliwa kwa bei inayozidi sana ile ya dukani. Mnunuzi anajua bei ya yai. Anacholipia ni sadaka yenyewe, ambayo kwa njia hiyo huonekana mbele ya watu wote, hata kama aliyeileta hakuwa na kingine.

## Utafiti wa saikolojia

Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio yaliyowagawa watu kwa kura katika makundi. Kundi moja liliandika mambo ya kushukuru, jingine makero, na jingine matukio ya kawaida. Kwa jumla, walioandika mambo ya kushukuru walikuwa na hisia njema zaidi. Jaribio moja lilihusu watu wenye magonjwa ya neva na misuli.

Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walijaribu zoezi la "mambo matatu mema": kila usiku kwa wiki moja, mshiriki aliandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo na sababu ya kila moja. Ikilinganishwa na kundi lililofanya zoezi lisilo na athari maalumu, furaha iliongezeka na dalili za mfadhaiko zilipungua, na tofauti hiyo bado ilionekana baada ya miezi sita. Walioendelea na zoezi kwa hiari yao baada ya wiki kwisha ndio waliofaidika zaidi.

Mwaka huohuo Sonja Lyubomirsky na wenzake waliripoti kwamba waliohesabu mema yao mara moja kwa wiki walifaidika, lakini waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakuonyesha ongezeko. Maelezo yao ni kwamba zoezi lenyewe linaweza kuzoeleka na kugeuka kazi.

Mapitio ya baadaye yamepunguza matarajio. Mapitio ya mwaka 2021 yaliyokusanya tafiti nyingi yalikuta kwamba mazoezi ya shukrani hupunguza dalili za mfadhaiko na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu, na hayapaswi kuchukua nafasi ya matibabu. Aidha, sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifanywa Marekani na Ulaya, mara nyingi kwa wanafunzi wa vyuo.

## Namna ya kufanya

Kutokana na tafiti na desturi zilizotajwa, hatua zifuatazo hupendekezwa:

1. Kutaja jambo mahususi. "Nashukuru kwa familia" huzoeleka haraka. "Leo kaka amenichotea maji kabla sijaamka" ni tukio la siku moja.
2. Kutafuta sababu. Kuuliza jambo limetokeaje humwelekeza mtu kwa waliolifanya: aliyefagia, aliyepika, aliyeamka usiku.
3. Kusema kwa mhusika. Jema likitajwa kwa aliyelitenda, wawili hufaidika.
4. Kufikiria kukosekana kwake. Njia moja ya kuvunja mazoea ni kujiuliza siku ingekuwaje bila kitu hicho.
5. Kutolazimisha. Mara moja kwa wiki kwa umakini huweza kufaa kuliko kila siku kwa mazoea.

## Mipaka na ukosoaji

Lawama kubwa dhidi ya tabia hiyo ni kwamba inaweza kutumiwa kunyamazisha madai ya haki. Mfanyakazi asiyelipwa akiambiwa ashukuru kwa kuwa ana kazi, au mke anayepigwa akiambiwa ahesabu baraka zake, kinachofanyika si kutambua mema bali kuficha mabaya.

Maji ya eneo la Mlima Meru ni mfano mzuri wa mpaka huo. Maji ya chemchemi yanayotoka mlimani huwa baridi na maangavu, na kuwa na chemchemi karibu na nyumbani ni jema ambalo watu wa maeneo makavu hulitamani. Lakini miamba ya volkeno ya mlima huo hutoa floraidi, na katika vyanzo vingi vya eneo hilo madini hayo huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanajengeka hupata madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kupiga mswaki, na kiasi kikubwa zaidi kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Floraidi katika maji haionekani kwa macho, na kuyachemsha hakuiondoi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, katika eneo la Arumeru, kimeshughulikia njia za kuiondoa, ikiwemo kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kama watu wangeishia kufurahia uangavu wa maji, tatizo lisingetafutiwa ufumbuzi. Kwa upande mwingine, anayejua thamani ya chemchemi ndiye mwenye sababu ya kudai isafishwe au itafutiwe mbadala. Kutambua jema na kudai haki, basi, si lazima vipingane. Vyote viwili huhitaji kuangalia kwa makini kile kilichopo.

Mpaka wa pili unahusu salamu yenyewe. "Nzuri" inayosemwa bila kufikiri haitambui chochote, na inaweza kuwa pazia la kufichia msiba, njaa au ugonjwa wa akili. Kiswahili chenyewe kinatoa onyo kwa methali *mficha maradhi kifo humuumbua*. Ndiyo maana katika mazungumzo ya kawaida salamu haiishii kwenye jibu la kwanza. Anayesalimu akisikia "nzuri kidogo", au sauti isiyo ya siku zote, huuliza tena, na akiambiwa shida husema "pole". Neno hilo halidai kwamba kuna jema ndani ya shida. Humwambia mwenye shida kwamba ameonekana, na kwa aliyezidiwa siku hiyo, kuonekana huko kunaweza kuwa ndilo jema dogo la pekee.